Kabla ya kuuliza chuo gani, uliza nani atasoma kazi yako

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu haikai kimya. Wanafunzi niliowahi kuwafundisha Historia na Kiswahili wananitafuta mmoja mmoja. Shikamoo Mwalimu, nimepata diwisheni tuu ya pointi kumi, niombe wapi? Kozi ipi ina mkopo wa uhakika? Hosteli zinapatikana, au nianze kutafuta chumba mtaani? Ni maswali ya maana, na ninayajibu kadiri ninavyojua. Lakini hajatokea hata mmoja wa kuniuliza darasani watakuwa wangapi, na akiandika insha ataisoma nani. Kwangu mimi hilo ndilo lililoamua nilitoka chuoni na nini.

Nilisoma shahada ya sanaa na elimu katika chuo kikuu cha umma chenye maelfu ya wanafunzi. Jina lake naliacha, maana niliyoyaona pale nimesimuliwa vilevile na walimu wenzangu waliosoma kwingine.

Ualimu ndiyo kozi inayojaza kumbi. Mwaka wa kwanza yako masomo ya lazima yanayowakusanya pamoja watu wa Historia, Jiografia, lugha na Uchumi: misingi ya elimu, saikolojia, stadi za mawasiliano, taaluma za maendeleo. Kwenye orodha tulikuwa zaidi ya mia nane, na viti vya ukumbi havikufika mia sita. Pindi la saa moja asubuhi lilikuwa na watu tangu saa kumi na mbili. Mmoja anawahi, anapanga madaftari kwenye viti vya safu nzima kwa ajili ya wenzake walioko njiani. Atakayefika saa moja kasorobo anakaa kwenye ngazi, au anabaki nje dirishani, daftari kalilaza juu ya kizingiti. Waliokaa nyuma walitegemea spika mbili, na umeme ukikatika CR wetu, mwakilishi wa darasa, alisimama katikati ya ukumbi akirudia maneno ya mhadhiri, sentensi kwa sentensi, mpaka koo likamkauka. Karatasi ya mahudhurio ilizunguka saa nzima na mara nyingi ilirudi mbele ikiwa na majina mengi kuliko watu waliokuwamo.

Nisiwaonee wahadhiri. Mtu anayejua kufundisha anafundisha hata umati. Mhadhiri wetu wa saikolojia alipofika kwa mwanasaikolojia Jean Piaget hakuanza na slaidi. Alitoa mfukoni chupa ndogo ya maji, akamwomba binti wa safu ya mbele kifuniko cha hotipoti yake, akamimina maji yote ndani ya kifuniko kile kipana. Akatuuliza kama yamepungua. Kisha akaeleza kwamba mtoto wa miaka minne au mitano, akiyaona maji yaleyale yakihama kutoka chombo kirefu kwenda kipana, atakwambia yamepungua, na hadanganyi, ndivyo akili yake inavyoyapima kwa umri huo. Ukumbi mzima ulimsikiliza. Hata leo nikikuta mtoto wa darasa la kwanza ameshindwa kutoa, namkumbuka mwalimu yule kabla sijafikiria kumlaumu mtoto. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba darasa la watu mia nane halifundishiki, namkatalia. Linafundishika, ila halijibiki.

Maana ya kutojibika niliielewa nilipoona nani anauliza maswali. Mwaka mzima wa kwanza walionyoosha mikono ni walewale, na karibu wote walitoka shule ambazo Kiingereza kilizungumzwa tangu chekechea. Sisi wa shule za kata tulikuwa na maswali pia. Niliyaona kwenye madaftari ya wenzangu, yameandikwa pembeni na alama kubwa ya kuuliza. Lakini kusimama mbele ya umati ule, kupokea maiki iliyopitishwa mkono kwa mkono, na kutunga swali kwa Kiingereza huku nyuma watu wakisubiri ukosee wacheke, ni jambo ambalo wengi hawakulithubutu mpaka wanahitimu. Nawajua watu waliopata GPA, yaani wastani wa alama, ya juu ya 3.5 kati ya 5, daraja la pili la juu kabisa, bila kuwahi kumuuliza mhadhiri swali hata moja. Sijui mhadhiri angewezaje kujua kwamba wapo.

Dawa ya jambo hili ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba: semina. Mhadhara ni wa wote, halafu mnagawanywa makundi ya ishirini na tano au thelathini, mnakutana na mkufunzi msaidizi kwa saa moja kila wiki kuijadili mada. Kundi letu lilipofanya kazi lilikuwa zuri sana. Mkufunzi alikuwa kijana, ametuzidi miaka michache tu, na alituruhusu kuanza swali kwa Kiswahili kisha tulimalizie kwa Kiingereza tukiweza. Wiki ya pili tu watu wakaanza kubishana. Binti mmoja aliyekuwa hasemi kabisa ukumbini ndiye aliyetuongoza siku tulipojadili sera ya Mwalimu Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu enzi hizo na yeye alikua akisikia habari za mashamba ya shule.

Ila semina ndiyo ya kwanza kukatwa mambo yanapobana. Chumba hakuna, kimechukuliwa. Mkufunzi amepewa makundi mengine mawili. Muhula umechelewa kuanza, basi tunaunganisha. Katikati ya muhula wa pili makundi matatu yaliwekwa pamoja, na semina ikawa mhadhara mwingine mdogo usio na spika. Hakuna aliyelalamika rasmi, maana mahudhurio yalihesabiwa kama kawaida na mtihani ulikuwa palepale.

Kazi za kuandika zilifuata njia hiyohiyo. Insha ya kwanza niliyoandika chuoni nilihangaika nayo usiku kucha. Nilirudishiwa baada ya wiki nyingi ikiwa na namba juu, kwenye duara: 14 kati ya 20. Niligeuza kila ukurasa nikitafuta mstari, alama ya mshangao, chochote. Hakukuwa na kitu. Nilimfuata mkufunzi, naye alinijibu kwa upole na bila kujificha. Alikuwa na insha mia nne za kusahihisha, na huku anasoma shahada ya uzamili. Fanya hesabu: mia nne, kila moja dakika kumi, ni saa zaidi ya 66. Hazipo. Alisoma utangulizi, akapitia aya za katikati kwa macho, akasoma hitimisho, akaweka alama. Sikumchukia. Lakini nilitoka pale nikijua kwamba aya zangu za katikati, zile nilizozihangaikia, hazikuwa zimesomwa na mtu.

Wanafunzi wanalijua hili upesi kuliko wakubwa wanavyodhani, na wanaishi nalo. Steshenari zote za karibu na geti ziliuza madesa: majibu ya mitihani iliyopita, mihtasari ya mihadhara, insha kamili za miaka ya nyuma. Kazi za kundi za watu kumi ziliandikwa na wawili, wengine wakatuma namba zao za usajili na hela ya kuchapa. Huwa nasikia wazee wakisema vijana wa siku hizi ni wavivu. Wenzangu wale hawakuwa wavivu. Wengine walikesha maktaba mpaka taa zinazimwa. Walifanya tu uamuzi ambao mtu yeyote angeufanya akishajua kazi yake itatazamwa kwa dakika tatu. Alama 40 za ndani ya muhula unazikusanya kwa njia rahisi, nguvu unazitunza kwa ajili ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, yenye 60, unaomba Mungu usikamate sapu, yaani mtihani wa marudio.

Si kila mtu aliyachukia madarasa makubwa. Dada mmoja tuliyekuwa naye alijifungua mwaka wa kwanza, na aliniambia wazi kwamba ukumbi mkubwa ndio uliomwokoa. Aliweza kuingia nusu saa baadaye, kukaa karibu na mlango, kutoka mtoto anapoletwa kunyonya, bila kumweleza mtu yeyote maisha yake. Kaka mwingine aliendesha bodaboda kwa sababu bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, lilichelewa na nyumbani wadogo zake walimtegemea. Naye alisema laiti darasa lingekuwa dogo angekuwa ameshadisko, yaani ameshaondolewa chuoni kwa kufeli. Na upande wa pili, rafiki yangu wa chumbani alisoma akiolojia, kozi ambayo haikufikisha watu ishirini. Nilimwonea wivu, naye akaniambia ana siku anatamani kujificha. Mhadhiri alijua nani hayupo, alijua nani hajasoma, na watu wawili wasioelewana waliifanya anga ya darasa zima kuwa nzito kwa muhula mzima. Nawataja hawa kwa sababu wana haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, nikiangalia tulikofika, yule wa akiolojia ndiye anayeandika vizuri kuliko sisi wote, na haikuwa hivyo tulipoanza.

Lililonisaidia mimi lilizaliwa kwenye kimbweta. Nje ya maktaba kulikuwa na meza zile za zege na viti vyake, chini ya mwembe, na sisi watu sita tulijichukulia kimoja jioni baada ya chakula. Mwanzoni tulikuwa tunagawana madesa kama wengine wote. Aliyegeuza mambo ni dada mmoja kutoka Songea aliyewahi kuwa kiranja wa taaluma shuleni kwao. Alisema ikiwa hakuna wa kutusomea, tusomeane. Tukaweka utaratibu. Kila mmoja anasoma andiko moja kati ya yale yaliyotolewa, anakuja kulifundisha kwa robo saa bila kutazama karatasi, na waliobaki wana wajibu wa kumkatiza pale ambapo hawajaelewa. Insha zilibadilishwa kabla ya kukusanywa. Unamsomea mwenzako, unaandika pembeni kwa penseli ili aweze kufuta, na lazima utaje sehemu moja ulipopotea na sehemu moja ambapo hukuamini anachosema.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Kuambiwa na mtu mnayekula naye sahani moja kwamba aya yako haina kitu kunauma. Kaka mmoja alisusa wiki nzima, kisha akarudi. Lakini ilitokea jambo ambalo sikulitarajia: tulipoanza kusomana, kila mmoja alianza kuandika akiwa anamwona msomaji. Mimi nilikuwa najua kabisa kwamba dada wa Songea ataniuliza umejuaje, basi nikiandika sentensi nilikuwa nimeshaanza kumjibu. Namba za juu ya insha zilipanda kidogo. Kilichobadilika zaidi ni kwamba nilianza kuwa na la kusema.

Na pale tulipokwama wote sita, tulimtuma mmoja wetu ofisini kwa mhadhiri. Saa za kuonana na wanafunzi zilikuwa zimebandikwa mlangoni, na wiki nyingi hakuna aliyekwenda. Foleni ilikuwepo siku tu alama zinapobandikwa, watu wakienda kudai alama mbili. Mjumbe wetu alikwenda na swali moja limeandikwa kwenye karatasi. Dokta, shikamoo, tumesoma hawa wawili na wanapingana, tumfuate nani? Alikaa mle ndani karibu saa nzima, akarudi na jibu pamoja na kitabu cha kuazima chenye jina la mhadhiri kwenye ukurasa wa kwanza. Mhadhiri huyohuyo, kule ukumbini, hakuwa anatujua hata kwa sura.

Mwaka wa tatu ndipo nilipopata kwa mara ya kwanza kile ambacho nadhani chuo kikuu kinatakiwa kiwe. Ilikuwa kozi ya hiari kuhusu upinzani dhidi ya ukoloni wa Wajerumani. Kwa sababu ilijulikana kuwa na kusoma kwingi, wengi waliikimbia, tukabaki darasa dogo linaloenea kwenye meza moja ndefu. Mada yangu ilikuwa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Niliandika kwamba njaa iliua watu wengi kuliko bunduki, jambo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha nne amelisikia. Insha ilirudi baada ya wiki moja. Pembeni ya sentensi ile profesa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: ni kweli, lakini njaa haikushuka yenyewe. Nani alichoma mashamba na maghala? Kwa amri ya nani? Nani alifaidika watu waliposhindwa kupanda msimu uliofuata? Chini yake, akaniandikia niende kusoma habari za Gavana von Götzen na maofisa wake, na hatua kwa hatua nionyeshe jinsi njaa ilivyotumika kama silaha.

Nilikuwa nimejua habari ile tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na sikuwahi kuulizwa. Niliandika upya insha nzima. Haikuwa kwa ajili ya alama, maana alama ilikuwa imeshatolewa.

Ni kwenye kozi hiyo nilipojifunza kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walipelekwa vijijini kusini kukusanya simulizi za wazee walioiona au kusimuliwa vita ile, wakiongozwa na walimu kama Gilbert Gwassa na John Iliffe. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama sisi. Na waliyoyaandika bado wanahistoria wanayategemea, kwa sababu wazee wale wamekwishaondoka. Nilipolisikia hilo nilinyong'onyea, halafu nikakasirika. Wale vijana hawakuwa na akili kuliko wenzangu wa ukumbi ule wa asubuhi. Walikuwa na walimu wenye nafasi ya kuwatuma na kusoma walichorudi nacho.

Ninaposema haya wapo wanaonidakia: basi vyuo vipunguze udahili. Hapana, na kwa nguvu zangu zote hapana. Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Darasa lilikuwa dogo, na karibu nchi nzima ilikuwa nje ya mlango. Mimi ni mtoto wa shule ya kata, ya zile zilizojengwa na wazazi kwa kusomba mawe na mchanga wakati wa mpango wa sekondari ulioanza 2004. Mkopo wangu ulitoka Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005. Mtu akipunguza udahili, wa kwanza kuondolewa kwenye orodha ni mtu kama mimi, na dada yule mwenye mtoto, na kaka wa bodaboda. Wingi wetu ukumbini ni ushindi wa nchi hii. Sikubali uitwe kosa.

Ninachodai ni kingine. Fedha zikipatikana, ziende kwanza kwa watu wanaosoma kazi za wanafunzi. Kigezo cha kuajiriwa mkufunzi msaidizi ni GPA ya 3.8 kati ya 5, na kila mwaka wanahitimu vijana wenye sifa hizo wanaorudi nyumbani kusubiri ajira. Semina ipewe chumba kabla ya mhadhara, kwa sababu mhadhara unaweza kurekodiwa na semina haiwezi. Na insha ziwe chache. Heri moja kwa muhula iliyosomwa mpaka aya ya mwisho, ikarudishwa, ikaandikwa upya, kuliko tatu zenye namba kwenye duara. Najua hili la mwisho linawezekana hata bila fedha, maana ninalifanya.

Shuleni kwangu mkondo mmoja wa kidato cha pili una wanafunzi zaidi ya sabini, na nina mikondo minne. Siwezi kusoma insha zote kila wiki, na sijifanyi kwamba naweza. Nachukua madaftari ya mkondo mmoja, nachagua aya moja kwa kila mwanafunzi, aya moja tu, naisoma kwa makini na kuandika swali pembeni. Wiki inayofuata wananijibu chini ya swali hilo, na mkondo mwingine unaleta madaftari yake. Waliobaki wanabadilishana wawili wawili, kwa penseli. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba daftari la mwanawe lina maswali mengi na vema chache. Nilimkalisha, tukalisoma pamoja kuanzia Januari mpaka Juni, naye akaona mwenyewe jinsi majibu ya mwanawe yalivyokuwa yakirefuka.

Siku hizi mwanafunzi akinipigia kuniuliza chuo gani, namjibu, kisha nampa kazi ya kufanya wiki ya kwanza akifika. Aulize semina za kila somo ziko wapi na nani anaziendesha. Atafute watu watano ambao hawatamwonea haya. Mwaka jana mmoja wao, binti mkimya wa tahasusi ya HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), alinitumia picha ya ratiba yake. Semina ya Historia ilikuwa Alhamisi saa kumi na moja jioni, na kwenye nafasi ya chumba palikuwa na kistari tu. Mwalimu, akaniandikia, wenzangu wanasema hii huwa haifanyiki. Nikamwambia aende kwa CR siku hiyohiyo wakakitafute hicho chumba pamoja, wakikosa waombe kimbweta, na wamfuate mkufunzi wamwambie wapo wangapi na watakuwa wapi.